Visvesvaraya: Mtu Aliyeyafunga Mafuriko Yakawa Maji ya Kunywa

Nilipokuwa mtoto, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale hapa Mombasa, hapakuwa na chombo kilichoheshimiwa jikoni kuliko mtungi wa maji. Ulikaa pembeni penye kivuli, umefunikwa, na kata yake imetungikwa ukutani. Mtoto aliyechota akamwaga alijua kwamba marehemu nyanya hatanyamaza. Babu yangu, ambaye ujanani alisafiri kwa majahazi mpaka bandari za Arabuni, alikuwa akitusimulia kwamba kule Aden baharia alitoa pesa ili apate maji ya kunywa. Sisi watoto tulicheka tukidhani ni masihara ya wazee.

Leo sicheki tena. Asubuhi hii, kabla ya kuketi kuandika makala haya, nimenunua mitungi sita ya plastiki kwa kijana mwenye mkokoteni. Na juma lililopita tu mvua ilinyesha hata njia ya mtaa wetu ikageuka mto, viatu vya watu vikaelea. Mji mmoja unafurika na kuona kiu ndani ya mwezi mmoja! Nikajiuliza, je, hakuna aliyepata kuyakamata haya maji yanayotuharibia, akayaweka mpaka siku ya haja?

Yuko, ndugu msomaji. Alikuwa mtu wa Bara Hindi, jina lake Mokshagundam Visvesvaraya. Jina ni refu na gumu kwa ulimi wetu, na hata wenyewe kwao wamezoea kulifupisha wakimwita Sir M.V. Kila mwaka tarehe 15 Septemba, siku aliyozaliwa, India huiadhimisha kuwa Siku ya Wahandisi. Lakini hapa pwani, ijapokuwa tuna udugu wa miaka mingi na nchi ile, sijasikia akitajwa barazani hata mara moja.

UTOTO WA SHIDA

Visvesvaraya alizaliwa mwaka wa 1861 katika kijiji cha Muddenahalli, kwenye nchi ya Mysore. Jamaa zake walikuwa Mabrahmani, watu wa elimu lakini si watu wa mali. Baba yake alikuwa mwanachuoni wa Kisanskriti, naye akafariki mwanawe angali mdogo. Ikambidi kijana huyo aende Bangalore kusoma kwa taabu, akijipatia riziki kwa kuwafundisha watoto wa wengine masomo ya nyumbani. Mchana alikuwa mwanafunzi, jioni akawa mwalimu.

Alipata shahada yake mwaka wa 1881. Serikali ya Mysore ilimwona kuwa kijana hodari, ikampa msaada wa masomo aende Poona kusomea uhandisi. Huko hakuwaangusha waliomtuma, kwani katika mtihani wa mwisho wa mwaka 1883 alitokea wa kwanza. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika idara ya kazi za ujenzi ya serikali ya Bombay, chini ya Waingereza.

MAJI NDANI YA MCHANGA

Kazi iliyomtambulisha ilikuwa katika mji wa Sukkur, huko Sindh, kando ya mto mkubwa wa Indus. Huko hawakupungukiwa na maji, bali maji yenyewe ya mto yalikuwa machafu mno, yamejaa tope, na mji haukuwa na fedha za kujenga mabirika makubwa ya kuyachuja. Visvesvaraya alitazama mchanga wa kitanda cha mto akaona kwamba chujio liko tayari, tena halina gharama. Alichimba kisima humo humo mtoni, karibu na ukingo, maji yakapenya mchangani na kuingia kisimani yakiwa safi, kisha yakavutwa kwa mashine kwenda mjini. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha mwaka wa 1895.

Baada ya hapo alipelekwa upande wa Poona, kwenye bwawa la Khadakwasla. Bwawa hilo lilijengwa na Waingereza katika miaka ya 1870, na mji wa Poona ulilitegemea kwa maji. Kasoro yake ilikuwa kwamba kila masika maji mengi yalipita juu ya ukingo wa kutolea maji yakapotea, kisha kiangazi kikifika watu wakalalamika. Wengine wangeshauri ukuta uinuliwe, jambo ambalo ni la gharama, na tena la hatari, kwa sababu ukuta uliopimwa kubeba uzito fulani haubebeshwi zaidi bila kuogopa.

Visvesvaraya alibuni malango ya chuma yaliyowekwa juu ya ukingo ule mwaka wa 1903. Malango hayo huyazuia maji yaongezeke futi kadhaa juu ya kiwango cha kwanza. Maji yakifika mpaka uliowekwa, uzito wa maji yenyewe huyafungua malango bila mkono wa mtu, na yakipungua malango hujifunga. Kwa njia hiyo bwawa lilipata kuweka akiba zaidi, na usiku wa dhoruba halikumtegemea mlinzi ambaye pengine amelala. Ufundi huo aliandikiwa hati ya serikali kuwa ni wake, lakini inasimuliwa kwamba alikataa kulipwa kwa kila lango lililotengenezwa, akiona kwamba alilibuni akiwa katika utumishi wa umma.

Mwaka wa 1906 alitumwa Aden. Zamani hizo Aden ilikuwa chini ya serikali ya Bombay, na hali ya maji ilikuwa ile ile aliyoisimulia babu yangu. Kulikuwa na yale mabirika mashuhuri ya kale ya Tawila, yaliyochongwa majabalini ili kuyakinga maji ya mvua. Lakini mvua yenyewe huko ni ya nadra, na sehemu ya maji ya kunywa ilipatikana kwa kuyachemsha maji ya bahari na kuukusanya mvuke wake. Mhandisi wetu alitoka nje ya mji kuelekea bara, upande wa Lahej, akaangalia vijito vinavyokauka. Shauri lake lilikuwa maji yatafutwe chini ya mchanga wa vijito hivyo, maana mvua ya milimani huzama humo ikajificha. Lililomfaa Sukkur penye mto mkubwa alilitumia Aden penye jangwa.

Hata hivyo, katika utumishi wa Bombay aliona kwamba amefika ukomo. Kiti cha juu kabisa hakikuwa cha Mhindi, hata awe hodari namna gani. Mwaka wa 1908 aliomba kustaafu, angali na nguvu zake, akafunga safari kwenda kutembelea nchi za Ulaya. Ndiko alikofikiwa na habari za msiba wa Hyderabad.

MSIBA WA MTO MUSI

Hyderabad ulikuwa mji mkuu wa dola kubwa ya Kiislamu iliyotawaliwa na Nizam. Mto Musi unapita katikati ya mji huo, na kwa siku nyingi za mwaka ni mto mpole, mtoto anaweza kuuvuka kwa miguu. Mwisho wa mwezi wa Septemba 1908, Ramadhani ya mwaka 1326 ndiyo kwanza ilikuwa ikiingia, mvua ilishuka isiyokuwa na mfano. Tarehe 28 mto ulipanda ukaingia mitaani na majumbani mwa watu waliokuwa wakiitarajia funga.

Waliokufa wanakisiwa kuwa 15,000. Nyumba zipatazo 19,000 zilianguka, na watu kama 80,000 wakabaki bila makao. Penye eneo la hospitali ya Afzal Gunj palikuwa na mkwaju mkubwa. Watu wapatao 150 waliparamia matawi yake, wakakaa huko juu huku maji yakinguruma chini yao, mpaka yalipopungua. Mkwaju huo haukukatwa, na mpaka zama zetu watu wa Hyderabad huuonyesha wageni. Nizam wa wakati huo, Mahbub Ali Khan, aliyafungua majumba yake yakawa makimbilio ya waliosalimika.

Serikali ya Nizam ndipo ilipompelekea Visvesvaraya ombi. Hakutaka kuikatiza safari yake mara moja, lakini alikubali, na mwezi wa Aprili 1909 alikuwa amefika Hyderabad.

Hakuanza kwa kuchora ukuta. Alianza kwa kuuliza maji yale yalitoka wapi, na kwa nini yalikuja kwa ghafla vile. Alikusanya vipimo vya mvua na alama za maji zilizobaki katika kuta za nyumba, akayapigia hesabu. Akapata kwamba katika saa ya ukali wake mto ulikuwa ukipitisha maji ya futi za ujazo 425,000 kila sekunde. Tena akagundua jambo lililowashangaza wengi. Huko juu ya mto, katika nchi inayoumwagia Musi maji yake, kulikuwa na mabwawa madogo ya vijiji 788, karibu bwawa moja kwa kila maili mraba. Katika mabwawa hayo 221 yalipasuka. Bwawa la juu lilipovunjika lilimwaga maji yake katika la chini yake, nalo likashindwa likavunjika, hivyo hivyo mpaka mjini. Msiba haukuwa wa mvua peke yake. Kuta zilizojengwa na mababu kwa ajili ya uhai ziligeuka kuwa wauaji, mvua ilipozidi nguvu zake.

Hapa naomba tutue kidogo, msomaji wangu. Ukuta wa bwawa ni amana isiyokuwa na likizo. Ukitazamwa miaka 50 ukasahauliwa mmoja, huo mmoja ndio unaoweza kuleta kilio.

MABWAWA MAWILI YENYE KAZI MBILI

Hyderabad haukuwa mji mgeni wa mabwawa. Tangu mwaka wa 1562 hivi, zama za wafalme wa Qutb Shahi, palikuwa na bwawa la Hussain Sagar lililowanywesha watu. Mwanzoni mwa karne ya 19 likajengwa bwawa la Mir Alam, ambalo wahandisi wa nchi nyingi wamelistaajabia. Ukuta wake si mnyoofu, bali ni matao 21 ya mawe yaliyopangwa ubavu kwa ubavu, kila tao likiyaelekezea maji mgongo wake. Maji yakisukuma, tao huusukumia uzito ule pembeni, kwenye nguzo zake, kama vile tao la mlango wa msikiti linavyoubeba ukuta ulio juu yake.

Visvesvaraya aliiheshimu kazi hiyo ya kale, lakini aliona kwamba mji umekua na hatari imekua. Alishauri yajengwe mabwawa mawili makubwa juu ya mji, moja katika Musi wenyewe, yapata maili 8 na nusu kutoka mjini, na la pili katika mto wa Esi unaoingia katika Musi, yapata maili 6 na nusu. Mafuriko yakija yangeingia kwanza humo, yapumzike, kisha yaachiwe kidogo kidogo kwa kadiri ambayo mto unaweza kuipitisha mjini bila kudhuru mtu.

Mtu wa mafuriko hutaka bwawa liwe tupu, ili mvua ikija ipate pa kukaa. Mtu wa maji ya kunywa hutaka bwawa liwe limejaa, ili kiangazi kisimkute mikono mitupu. Kuwaridhisha wote wawili kwa bwawa moja si jambo jepesi. Katika mpango wake, sehemu ya chini ya bwawa ilikuwa akiba ya mji, na nafasi ya juu iliachwa wazi ingojee mafuriko. Maji yaliyowaua watu mwaka 1908 yangewanywesha watoto wa wale waliosalimika.

Kabla ya mwaka 1909 kwisha alikuwa amekwisha kuitoa ripoti yake, akaondoka kwenda kwao Mysore kushika kazi ya mhandisi mkuu. Wala mpango wake haukuwekwa kabatini ukaliwa na mchwa. Mahbub Ali Khan alifariki mwaka wa 1911, na mwanawe Mir Osman Ali Khan akaurithi ufalme pamoja na ahadi ya baba yake. Bwawa la Musi lilikamilika mwaka wa 1920, likaitwa Osman Sagar, ingawa watu wa huko hupenda kuliita Gandipet. La Esi lilikamilika mwaka wa 1927, likaitwa Himayat Sagar kwa jina la mtoto wa Nizam. Mhandisi ni Mhindu, mtawala ni Mwislamu, na mawe yamebebwa na watu wa kila dini. Maji hayakumuuliza mnywaji dini yake.

MYSORE NA HADITHI YA MSHUMAA

Huko Mysore alisimamia kuanzishwa kwa bwawa la Krishna Raja Sagara katika mto Kaveri, kazi iliyoanza mwaka wa 1911 na kuchukua miaka kama 20. Saruji ilikuwa bidhaa ya kuagizwa kutoka ng'ambo kwa bei kubwa, basi wakatumia chokaa iliyochanganywa na unga wa matofali ya kuchoma. Sisi tulioishi katika nyumba za mawe na chokaa za Mombasa na Lamu hatuna haja ya kuambiwa kwamba chokaa iliyopigwa vizuri hudumu. Hapo bwawani pamewekwa jiwe lenye maandishi ya Kiajemi la zama za Tipu Sultan, linaloeleza nia yake ya kulizuia Kaveri mahali hapo, kabla hajauawa vitani mwaka wa 1799. Kumbe wazo lilikuwa limengoja zaidi ya miaka mia moja.

Kuanzia mwaka wa 1912 hata 1918 alikuwa Diwani, yaani waziri mkuu wa maharaja. Alianzisha viwanda, benki na chuo kikuu. Hakukosa wa kumlaumu. Yeye alishikilia kwamba kazi za serikali zipewe wenye uwezo tu, bila kutazama tabaka. Jamaa zilizokuwa zimenyimwa elimu kwa vizazi vingi zilisema kwamba kipimo hicho huwafaa Mabrahmani waliokwisha kutangulia. Maharaja alielekea upande wao, na Visvesvaraya akajiuzulu. Nami naona kwamba mtu aliyejua kuyapimia maji njia yaliyotoka, hapa hakuipima vya kutosha njia waliyotoka wenzake.

Lakini uaminifu wake hakuna aliyeutilia shaka. Husimuliwa kwamba usiku alikuwa na mishumaa miwili. Akiandika mambo ya serikali aliwasha mshumaa wa serikali. Akitaka kuandika barua yake mwenyewe aliuzima, akawasha ule alioununua kwa pesa zake. Wengi wenu mtatabasamu, maana hadithi kama hiyo tuliisikia chuoni kwa walimu wetu juu ya Khalifa Umar bin Abdul Aziz na taa ya baitulmali. Wema haukuumbwa kwa taifa moja.

India ilimtunukia Bharat Ratna, nishani yake ya juu kabisa, mwaka wa 1955. Alifariki mwezi wa Aprili 1962, umri wake umetimia miaka 100.

AMANA NA WARITHI

Hyderabad umekua kupita hesabu zake, na sasa sehemu kubwa ya maji yake hutoka mito ya mbali kama Manjira, Krishna na Godavari. Mwaka wa 1996 serikali ilipiga marufuku majumba makubwa na viwanda katika nchi inayoyamwagia maji mabwawa yale mawili, kwa umbali wa kilomita 10. Mwaka wa 2022 serikali ya jimbo la Telangana ikatangaza kuiondoa amri hiyo, jambo lililozusha ubishi mkubwa. Na katikati ya tarehe hizo mbili, Oktoba 2020, mvua kali iliufurikisha tena mji, malango ya Himayat Sagar yakafunguliwa, na maji yakaingia katika mitaa mingi iliyojengwa juu ya mapito na vidimbwi vya zamani. Maji hayasahau njia yake, wanaosahau ni watu.

Nasi je? Mombasa hunywa maji ya mbali. Bomba la Mzima lilifika mwaka wa 1957 baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 200, na mji wa siku zile si mji wa leo. Bwawa la Mwache huko Kwale limezungumzwa barazani kwetu miaka na miaka. Mimi si mhandisi, wala sidai kujua ukuta wa futi ngapi unatufaa. Ila najua maswali ambayo mtu yule wa Muddenahalli angetuuliza kwanza: mvua yetu hushuka kiasi gani, hupitia wapi, nani amejenga katika njia yake, na kuta tulizo nazo zilitazamwa lini mara ya mwisho.

Nyanya yangu hakusoma uhandisi, lakini mvua ilipoanza kupiga mabati alitutoa mbio kutega ndoo na masufuria chini ya michirizi. Tulilowa, tukanung'unika, na kesho yake tukanywa. Wingu limetanda tena upande wa kusi ninapoyamaliza makala haya, na mitungi yangu sita imekwisha kubaki minne. Naondoka nikatege.